Kwenye Sakafu Tambarare Kila Kitu Kiko Sawa

Draglinki na panhadi, zile fimbo mbili za chuma zinazolala kando kwa kando chini ya gari kwenye ekseli ya mbele, zimekutana tena. Sisemi kwamba zimekaribiana, wala kwamba zimetazamana kwa jicho baya. Zimegongana chuma kwa chuma, tairi la mbele la kushoto likiwa juu ya jiwe na usukani umekatwa hadi mwisho, na mlio huo ukapita kwenye boksi ya stelingi, ukapanda shafti na kunifikia mikononi kama barua ya madai. Nimeshuka, nimeinama kwa utulivu unaomstahili mtu mzima, na nimekiona kile kimkwaruzo kipya kinachong'aa, ambacho nyinyi wenzangu wenye magari yaliyopandishwa kwa springi ndefu ili yapite kwenye mawe hamhitaji kusimuliwa.

Gari lilipotoka kiwandani, vyuma hivyo viwili viliishi kwa amani. Draglinki, inayopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu, ilitoka kwenye mkono wa pitmani, ule unaozungushwa na boksi ya stelingi, na kwenda kwenye mkono wa gurudumu, panhadi ilitoka kwenye chasi na kuishika ekseli isihame kushoto wala kulia, na kwa kuwa zote mbili zililala karibu sambamba, ekseli ilipopanda au kushuka zilicheza pamoja na usukani haukujua kwamba kuna shimo lililopita. Kisha zikaja springi ndefu za inchi 4, yaani kama sentimita 10, draglinki ikapata mteremko ambao haikuumbiwa, na tangu hapo kila tuta likawa linakata kona kwa niaba yangu bila kuniuliza. Muuzaji wa springi alisema hilo ni suala la fundi. Fundi alisema hilo ni suala la muuzaji.

Nikatafuta fundi wa pili, ambaye alikuwa na elimu. Aliitoa draglinki chini ya mkono wa gurudumu, akalipanua tundu kwa kukerezea, akatia bushi iliyochongoka kulingana na ncha yake, akaifunga juu badala ya chini. Mteremko wa draglinki ulipungua kweli, sikatai, na gari likatulia barabarani. Lakini zile sentimita alizozipata hakuziumba. Alizichukua kutoka kwa panhadi, ambayo nayo ikabidi ipandishwe upande wa ekseli, na ilipopanda ikaanza kuitazama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa namna nisiyoipenda. Stelingi dampa, yaani shokapu ya usukani, ilihamishwa pia, na sasa inafika mwisho wa urefu wake kabla magurudumu hayajafika mwisho wa kona. Spesa za rimu ziliyatoa matairi nje ili yasiguse mikono inayoishikilia ekseli kwenye chasi, nayo yakaenda kuligusa bampa. Sitaki kuzungumza habari za bampa.

Ndipo nikaamua jambo lipimwe inavyotakiwa. Kipimo chenyewe hakina siri: chasi inakaa juu ya stendi imara, springi zinatolewa, ekseli inabaki juu ya jeki, kisha inapandishwa hadi igote kwenye mpira wa kikomo, ule unaoizuia isipande zaidi, na kushushwa hadi shokapu ziishie, na katika kila kimo usukani unazungushwa kutoka mwisho hadi mwisho huku mtu akiangalia kila mahali ambapo chuma kinakaribia chuma. Fundi aliona ni usumbufu. Aliingiza vidole viwili kati ya draglinki na panhadi, gari likiwa limesimama pale sakafuni kwa adabu zote, akaniambia, "Bosi, vidole viwili vinapita, unataka nini tena?" Nilimjibu kwa upole kwamba gari hili halikupandishwa kwa ajili ya sakafu.

Kazi hiyo inahitaji mtu wa kukaa kwenye usukani, na aliyejitolea ni shemeji yangu, mtu mwema sana.

"Kata kushoto, shemeji."

"Kushoto kwako au kushoto kwangu?"

Nilikuwa nimelala chali, miguu imetokeza mbele ya bampa na kichwa kimeelekea nyuma ya gari. Mtu akilala hivyo, kushoto kwake na kushoto kwa dereva ni upande ule ule mmoja, ila ukweli huu ulipatikana baada ya mjadala mrefu, ambapo fundi alilichora gari kwenye vumbi, akanichora mimi chini yake, kisha akabishana na mchoro wake mwenyewe. Shemeji alisisitiza kwamba mtu akilala, pande zake hugeuka. Fundi alimuunga mkono, akasema inategemea umeingia ukitokea wapi. Mimi nilikuwa chini, grisi ikinidondokea sikioni, nikiwaomba waheshimiwa hao wawili waamue tu ili nifahamu mkono wangu wa kushoto uko wapi.

Tukakubaliana juu ya kushoto. Shemeji akazungusha, nikasema asimame hapo hapo, naye akasimama, akaufungua mlango, akashuka, akainama na kuniuliza nimeona nini. Nikamweleza kwamba nimeona pengo la kama milimita 5. Akalitazama, akalisifu, akarudi kwenye kiti, akauzungusha usukani hadi katikati na kuanza upya, kwa kuwa yeye hapendi kazi ya kuungaunga. Tulifanya hivyo kwa kila kimo. Kila pengo lililoonekana, shemeji alishuka kulisalimia. Fundi, ambaye jeki ilikuwa mikononi mwake, naye akaanza kusubiri maoni ya shemeji kabla ya kupandisha ekseli, hata nikajikuta mimi mwenye gari ndiye niliyebaki bila kura.

Ekseli ilipokaribia mpira wa kikomo na usukani ukiwa umeishia kushoto, draglinki iliikalia panhadi. Nikawaita wote wawili waje washuhudie. Shemeji alitikisa kichwa kwa huzuni. Fundi alitazama, akasonya, akasema, "Hapo gari haliwezi kufika, bosi."

"Limefika hapo asubuhi hii, fundi. Mkwaruzo ndio huu."

"Basi usikate kona ukiwa juu ya jiwe."

Jamani, juu ya jiwe ndipo penye kona! Nikavuta pumzi nikamuuliza, kwa lugha ya kistaarabu, anashauri nini. Akashauri tuupashe moto mkono wa pitmani kwa gesi, tuukunje kidogo tu, ushuke. Nikamweleza kwamba mkono ule umefuliwa na kupewa ugumu wake kwa joto lililopimwa. Ukiupasha hadi uwe mwekundu kwa kukisia, ugumu huo unaondoka, na siku utakapokatika mtu atabaki ameushika usukani kama pambo huku magurudumu yakijiamulia mambo. Akanisikiliza vizuri. Kisha akasema kama sitaki moto, basi tuisage draglinki pale inapogusa. Kidogo tu. Chuma kinachogeuza magurudumu kisagwe ili kipite! Kwa nini tusiusage na usukani? Kwa nini tusinisage mimi? Shemeji akaniomba nitoke chini ya gari ninywe maji.

Suluhisho lililobaki ni mpira mrefu zaidi wa kikomo, ambao unaizuia ekseli kabla haijapanda hadi kwenye ugomvi, na ndio niliouagiza. Naomba mnisaidie kulitafakari jambo hili. Nililipandisha gari ili magurudumu yapate nafasi ya kupanda na kushuka zaidi kuliko ya mwenye kiwanda, na sasa nanunua kifaa cha kuyakataza kupanda. Kushuka yanaruhusiwa. Watu wa ile mikono ya pitmani iliyoshushwa tayari kutoka dukani wanasema wao hawana shida hizi, lakini nimelala chini ya gari la mmoja wao, na mkono wake unapita jirani kabisa na tairodi, ile fimbo inayoyaunganisha magurudumu mawili ya mbele. Sikumwambia, kwa kuwa alikuwa amenipa lifti.

Hayo yote ningeyavumilia kama usukani ungekuwa umenyooka. Ekseli ilipovutwa upande na panhadi, usukani nao ukahama, na kuuweka katikati ni kazi ya kulegeza nati za draglinki, kuirefusha au kuifupisha na kukaza tena, kazi ambayo kila fundi anasema ni ya dakika chache na ndiyo sababu hakuna aliyeifanya. Kwa hiyo naendesha barabara iliyonyooka nikiwa nimeshika usukani kama mtu anayeingia mzunguko. Taa ya kuashiria kona upande mmoja inajizima mapema na upande mwingine haijizimi kabisa, na walio nyuma yangu hupiga honi wakidhani nimebadilisha mawazo. Abiria wageni huniuliza tunageukia wapi. Shemeji peke yake ndiye haulizi. Yeye hukaa kiti cha mbele akiwa ameinamisha kichwa upande ule ule wa usukani, na anasema kwamba ukikaa hivyo, uko sawa kabisa.