“Hata Katwe Wangetengeneza”

Kuna jamaa kaniharibia Jumamosi yangu. Tulikuwa kwenye maonyesho hapa Kampala, mbele ya sanamu ya mabati ya zamani, nondo na minyororo ya bodaboda, yote imechomelewa ikapanda hadi kupita vichwa vyetu. Akaizunguka, akacheka: “Sasa hii ni nini? Hata Katwe wangetengeneza.”

Katwe, mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala, wangetengeneza, ndiyo! Tangu lini hilo likawa tusi? Ssebo, geti la nyumbani kwako lilitoka wapi, Paris? Na sigiri unayochomea nyama? Fundi wa Katwe akilishika pipa anajua bati litakunjika wapi na litapasuka wapi kabla hajainua nyundo. Kwenye ile sanamu, mnyororo ulichomelewa pingili kwa pingili mpaka ukakataa kuning'inia, ukasimama wima. Chini kutu imeachwa ilivyo. Juu imepigwa msasa mpaka chuma kinang'aa, jicho linapanda lenyewe. Hilo halitokei kwa bahati.

Wala shida yake si chuma. Sanamu ya Uhuru hapa Kampala, aliyoichonga Gregory Maloba mwaka 1962, ni ya saruji, na sijasikia mtu akiidharau kwa hilo. Ila ile ina mama na mtoto. Jamaa anataka sura! Mpe simba, mpe kichwa cha mheshimiwa, atapiga selfi na kunyamaza. Na hapo kavaa shati la kitenge lililojaa maduara na mistari isiyofanana na kitu chochote duniani. Mbona hakuliuliza maana yake?

El Anatsui wa Ghana anaunganisha vizibo vya chupa za pombe kwa waya wa shaba. Mwaka 2015 maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, yakampa tuzo yao ya Simba wa Dhahabu. Kwetu hapa yupo Sanaa Gateja na shanga zake za karatasi. Au tungoje kwanza Wazungu watupe ruhusa ya kupenda?

Haya, wapo wanaobwaga takataka ukumbini, wakabandika ukurasa mzima kuhusu mazingira, na bei ya kununua kiwanja. Hao siwatetei.

Langu mimi ni kile kibao cha ukutani. Jina la msanii lipo, mwaka upo, “chuma chakavu” ipo. Mafundi walioshika mashine ya kuchomelea hawamo. Nilimuuliza msanii, akajibu atalifikiria. Ndugu yangu, unafikiria nini?