Spishi Mpya Ilikuwa Mimi

Mwenzangu wa maabara keshawatangazia kwamba "kuna mtu kajipima DNA akajikuta panya". Ngoja niseme mwenyewe kabla kisa hakijaota mkia wa pili. Kwanza, niliokuwa nawapima ni virukanjia, na kirukanjia si panya. Hata undugu wa karibu hawana. Heri mngesema kalunguyeye. Pili, sikujikuta kirukanjia. Ningejikuta kirukanjia, leo ningekuwa natembea kifua mbele.

Wanaowajua wanyama hawa watanihurumia. Jenasi yao moja, Crocidura, peke yake ina spishi zipatazo 200, na ukizipanga mezani unaona pua ndefu, kijivu, pua ndefu, kijivu. Watu wazima hukosana kwa sababu ya jino moja la fuvu. Ndiyo maana tunakimbilia jeni: unachukua kipande cha nyama au ngozi kama punje ya mchele, unatoa DNA, unanakili jeni ya saitokromu b yenye herufi kama 1,140 hivi, kisha kompyuta inakuchorea mti wa ukoo.

Mti wangu ukatoka. Virukanjia wametulia, kila mmoja kwa nduguze, isipokuwa sampuli namba 17, kutoka kwenye ngozi kuukuu iliyokaushwa zamani. Tawi lake refu, limechomoza peke yake nje ya wenzake wote.

Mwenye akili hapo angeshuku. Mimi kisa cha sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, kilinipanda kichwani. Si naye zamani aliwekwa kundi moja na virukanjia kwa ajili ya ile pua, jeni zikaja zikamhamishia kwa tembo, pimbi na muhanga? Nikaona zamu yangu imefika. Namba 17 nikaanza kumwita holotaipu, yaani kile kielelezo rasmi kinachobeba jina la spishi mpya.

Dalili ilikuwepo. Kuna kichupa tunachotia maji matupu, bila nyama, ili kitushtaki kama uchafu umeingia. Nacho kilitoa mstari hafifu kwenye jeli, pale tunapoionea DNA iliyonakiliwa. Nikasema ni mwanga wa picha. (Msinitukane, kazi hiyo nimeshaimaliza.)

Siku ya kikao nikavaa shati lililopigwa pasi. "Huenda," nikasema, na hapo nilinyamaza kidogo makusudi, "tuna ukoo wa kale ambao sayansi haijawahi kuuona."

Profesa akavua miwani. "Umeulinganisha na GenBank?" Ndilo lile ghala la mtandaoni la herufi za DNA za viumbe wa kila aina.

"Nimelinganisha na virukanjia wote, Profesa."

"Sikusema virukanjia, mwanangu. Na kila kitu."

Kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa kwenye projekta. Nikabandika herufi zangu, nikabonyeza. Ukurasa ukaanza kutafuta. Mimi huku nachagua jina la spishi, wasije wakaniuliza nikababaika. Mtu akakohoa. Ukurasa bado unatafuta. Nikawatabasamia watu, na hilo tabasamu ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Kisha ukafunguka, ukuta mzima.

Homo sapiens. Yaani binadamu. Asilimia 100.

Mstari wa pili: Homo sapiens. Nikashuka chini, jamani, kama vile wa arobaini angenitetea. Homo sapiens. Homo sapiens. Nilisahau namna ya kuacha kushuka. Kutoka nyuma nikasikia, "Hongera! Anaishi mashimoni?" Sauti naijua, nimekula naye chakula cha mchana miaka miwili.

Profesa akavaa miwani yake taratibu. "Huyo spishi wako," akauliza, "alikuwa amevaa glovu?"

Hakuvaa. Alivua ya kulia ajikune pua. DNA ya ile ngozi ilikuwa imechakaa vipande vipande, yangu mbichi, na praima zetu, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mashine pa kuanzia kunakili, zimetengenezwa zidake mamalia wengi bila kuchagua. Mashine ikanakili ilichokiona kimeshiba.

Nimerudia yote: vimiminika vipya, glovu jozi mbili, kichupa cha maji kimekaa kimya kabisa. Namba 17 ni Crocidura wa kawaida, yuko na majirani zake, hana makuu.

Ila leo asubuhi nimekuta kikaratasi kimefungwa kwa uzi kwenye kiti changu: "HOLOTAIPU. Usiguse bila glovu."