Umakinifu kwa mgonjwa wa sukari mwenye sonona: unasaidia nini hasa?

Mtu mwenye kisukari yuko katika hatari ya kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, karibu mara mbili ya asiye nacho, na magonjwa haya yakikutana, kila ugonjwa huuchochea mwenzake. Aliyelemewa na huzuni hana nguvu ya kujipima wala kujidunga insulini. Anashinda na chai na mandazi kwa sababu kupika kumemshinda. Sukari inapanda, mwili unachoka, huzuni inazidi.

Ndiyo maana wazo la kuwafundisha wagonjwa hawa umakinifu (kwa Kiingereza, mindfulness) linavutia: kuketi, kufuata pumzi, kuona wazo zito linapoingia na kuliacha lipite bila kulibishia. Naamini lina nafasi katika kliniki za sukari za Nairobi, ila nafasi hiyo ni ndogo kuliko wanavyodai wanaolipigia debe.

Hoja yao kuu ni kwamba msongo humwaga homoni iitwayo kortisoli mwilini, kortisoli hupandisha sukari, basi anayetulia atashusha sukari. Inaingia akilini, lakini vipimo havijaiunga mkono vya kutosha. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha watu 94 wenye kisukari na dalili za sonona. Waliofundishwa umakinifu walipata nafuu ya huzuni, na waliopewa tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra nao walipata. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu, haikubadilika kwa maana katika kundi lolote. Anayeuza umakinifu kama dawa ya sukari anapotosha. Hata hivyo sikubaliani na wanaoutupilia mbali kwa sababu hiyo. Mtu kuweza tena kuamka na kuzungumza na watoto wake ni nafuu halisi, hata kama namba ya maabara imebaki palepale.

Kuna tahadhari ambazo hazisemwi vya kutosha. Zoezi moja maarufu humtaka mtu apeleke fikra mwilini polepole, akianzia vidole vya miguu. Mgonjwa ambaye mishipa yake ya fahamu imeharibiwa na sukari hahisi kitu pale, au anahisi moto. Mwalimu asiyejua hilo anaweza kumtia hofu mpya. Vilevile, kutetemeka, jasho jembamba na moyo kwenda mbio vinaweza kuwa wasiwasi, na vinaweza kuwa sukari imeshuka. Hapo hakuna kuketi kufuata pumzi. Apime kwanza, na asipoweza kupima anywe kitu chenye sukari mara moja.

Wapo wanaohofia asili ya Kibudha ya mazoezi haya. Kwangu hilo ni dogo: tangu Jon Kabat-Zinn aanzishe programu yake hospitalini Massachusetts mwaka 1979, yamefundishwa bila ibada. Kikwazo kizito ni maisha yenyewe. Nani atapata kimya katika chumba kimoja cha mtaa wa mabanda wa Mathare, watoto wanne ndani na redio ya jirani ukutani? Na anayekosa pesa za vijiti vya kupimia sukari ana sababu ya kuhuzunika ambayo pumzi haiiondoi.

Kwa mtu huyo ningeangalia kwanza mfano wa Zimbabwe, ambako akina nyanya waliofunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili za sonona zikipungua. Kwetu Kenya, tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye glukomita, kifaa cha kupimia sukari ya damu. Anayemtoboa mama kidole mlangoni kwake anaweza pia kumuuliza kama wiki mbili hizi amekuwa na huzuni au amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda. Akijibu ndiyo, aelekezwe kwa mshauri, na umakinifu uwe mojawapo ya anayopewa achague. Akisema anawaza kujiua, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.