Viti 14 na Programu Iliyogoma Kujibu

Tulikuwa watu 14 wa kwenda Murang'a kupeleka mahari, na matatu ya kukodi ina viti 14, viwili vikiwa mbele kando ya dereva. Mama akanikabidhi karatasi. Shangazi wawili waliokosana kwa ajili ya shamba wasikae bega kwa bega. Mtoto akae na mamake. Mzee mwenye goti bovu akae mbele, msemaji wetu akae mbele kwa heshima, na mpwa wangu anayetapika safarini, naye mbele. "Si wewe ndiye wa kompyuta? Haya, tupangie."

Kwa anayeandika programu kwa lugha ya Python, hapo mkono huenda wenyewe kwenye mbinu ya kurudi nyuma: funksheni inayojiita yenyewe, inamkalisha mtu, inahamia kiti kinachofuata, na ikikwama inamwinua aliyekaa mwisho na kujaribu mwingine. Wenzangu kazini hawaafikiani kuihusu. Wapo wanaoiona kama zoezi la usaili tu. Ukishapata kazi unachukua kitatuzi kilichokwisha kuandikwa, kama OR-Tools ya Google, unakipa masharti na kukiacha kitafute. Wengine husema kwamba asiyeweza kuiandika mwenyewe hajui anachokiomba kitatuzi kimfanyie. Mimi ni wa kundi hili la pili, ila ile matatu ilinipunguzia kelele.

Programu yenyewe ni fupi (anafaa ndiyo inayokagua masharti ya Mama):

def panga(waliokaa, waliobaki):
    if not waliobaki:
        return True
    for mtu in sorted(waliobaki):
        if anafaa(mtu, waliokaa):
            waliokaa.append(mtu)
            waliobaki.remove(mtu)
            if panga(waliokaa, waliobaki):
                return True
            waliobaki.add(mtu)
            waliokaa.pop()
    return False

Uzuri wake unaonekana ukiulinganisha na kujaribu kila kitu. Watu 14 katika viti 14 ni mipangilio 87,178,291,200. Hata ukikagua milioni moja kila sekunde, kasi ambayo Python haiifikii kirahisi, utamaliza baada ya saa 24 na ushee, mahari ishapokelewa na watu wamerudi. (Kabla ya kanuni za 2004 za John Michuki, waziri wa uchukuzi, matatu aina ya nissan ilipokuwa ikibeba abiria 18, hesabu hiyo ingezidi mara 73,440. Waziri alitusaidia bila kujua.) Kurudi nyuma hakungoji gari lijae. Shangazi hao wakikutana kwenye viti viwili vya kwanza, ukaguzi mmoja unatupilia mbali mipangilio 479,001,600 kwa mpigo.

Vitabu hupenda kuonyesha uwezo huu kwa malkia wanane wa sataranji, fumbo alilolitoa Max Bezzel mwaka 1848: wapange ubaoni bila yeyote kumshambulia mwenzake. Kuna namna 4,426,165,368 za kuchagua visanduku 8 kati ya 64. Kurudi nyuma, ukipanga safu baada ya safu, hupitia hali 2,057 tu, pamoja na ubao mtupu, na kutoka na majibu yote 92. Takwimu tamu, lakini nadhani inatupotosha kidogo. Malkia hugombana mapema. Ukiweka wawili tu, tayari visanduku vingi vimefungwa, kwa hiyo kosa hujitokeza juu kabisa ya mti wa machaguo na matawi hukatwa yakiwa bado makubwa. Fumbo hilo limeumbwa kuisifu mbinu.

Masharti ya binadamu hayana adabu hiyo. Niliiendesha programu yangu usiku, feni ya laptopu ikavuma, chai ikapoa, jibu hakuna. Nilianza kutafuta kasoro mahali pa kawaida: labda nimesahau ule mstari wa pop, unaomwinua mtu. Ulikuwepo. Mama akapita nyuma yangu, akaitazama karatasi yake mezani. "Hawa wa mbele si ni watatu? Na viti ni viwili?"

Programu ilikuwa haijui kuhesabu hivyo. Ilijaza kiti kwa kiti kuanzia mbele, na asiyepata nafasi ya mbele hakuzuia chochote. Alibaki tu kwenye kundi la waliobaki huku wengine wakipangwa na kupangwa upya nyuma, hadi vikabaki viti vya nyuma tu, navyo havimfai. Nilikaa nikahesabu: bila hata kuyagusa masharti mengine, njia za namna hiyo zinazofia mwishoni ni 518,918,400. Kila moja ni kosa lilelile, likigunduliwa upya.

Nikageuza: badala ya kuuliza nani akae kiti hiki, niulize mtu huyu akae wapi, nikianza na wenye chaguo chache zaidi. Wale watatu wakatangulia. Programu ikawakalisha watu mara nne tu, kisha ikajibu False, yaani haiwezekani. Mbinu ni ileile, kompyuta ni ileile, kilichobadilika ni foleni.

Hapa wapinzani wangu wana haki, tena kubwa. Kitatuzi kizuri huchagua foleni hiyo chenyewe, na kile cha CP-SAT kilichomo ndani ya OR-Tools hujifunza kutokana na kila mkwamo ili kisiurudie. Chukua ratiba ya shule yenye madarasa 12, kila darasa vipindi 40 kwa wiki, hivyo ni vipindi 480, na walimu wasioweza kuwa mahali pawili. Siandiki funksheni yangu inayojiita yenyewe hapo hata kwa dau. Na si kwa sababu ile wanayoipenda, kwamba Python huwekea funksheni inayojiita kikomo cha miito 1,000: miito 480 inatosha humo. Tatizo ni muda.

Ila hoja yao ina tundu. Kama ningemkabidhi mgeni wa kazi kitatuzi siku ya kwanza, angepata jibu kwamba haiwezekani na asijue aanzie wapi kuuliza. Aliyewahi kuona programu yake ikizunguka bure kwa sababu ya foleni mbaya hutazama masharti kwanza, kama alivyofanya Mama, ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja.

Halafu kuna jambo ambalo programu yangu haikuweza kabisa. Kwake sharti ni ndiyo au hapana, na watu hawaongei hivyo. Nusu ya karatasi ya Mama ilikuwa "ikiwezekana" iliyovaa nguo za "lazima". Kitatuzi angalau hukuruhusu kulipa kila ombi uzito wake, lakini lazima kwanza mtu akwambie lipi ni zito. Nikampigia mpwa wangu simu.

"Lazima ukae mbele?"

"Si lazima, Anko. Bora dirisha lifunguke."

Nikabadilisha mstari mmoja, na orodha ya majina 14 ikatoka kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi.