Mkaguzi Akishaona, Kisha Nini?

Wengi hudhani ugumu wa kuzuia silaha za nyuklia ni kuwanasa wanaoficha. Sikubali. Wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, hulinganisha urani iliyopo na vitabu vya hesabu, hufunga lakiri, huacha kamera, kisha hupangusa mashine kwa kitambaa cha pamba. Chembe chache tu zikifika maabara, kiwango cha urutubishaji, yaani sehemu ya urani-235 inayopasuka ilivyoongezwa, hujulikana. Kipimo chao cha hatari, yaani kiasi kinachoweza kutosha bomu moja, ni kilo 8 za plutoni, au kilo 25 za urani-235 ndani ya urani iliyorutubishwa kwa 20% au zaidi.

Wanachokosa ni muda. Urani ya asili ina 0.7% ya urani-235. Ikishafika 4%, yaani mafuta ya kinu cha umeme, zaidi ya nusu ya kazi ya kufikia 90%, kiwango cha silaha, imekwisha. Iran ilianza kurutubisha kwa 60% Aprili 2021. Kutoka hapo safari ni fupi mno.

Pengo kubwa liko baada ya ripoti. Bodi ya Magavana ya IAEA, yenye nchi 35, hupeleka ukiukaji kwenye Baraza la Usalama, na wenye kura ya turufu huko ni mataifa 5 yale yale ambayo NPT, mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, inayaruhusu kuwa na silaha. Machi 2024 Urusi ilitumia turufu kulimaliza jopo lililofuatilia vikwazo dhidi ya Korea Kaskazini. Vikwazo vipo, wa kuvifuatilia wameondolewa.

Korea Kaskazini yenyewe ilitumia kifungu cha 10 cha NPT: toa notisi ya miezi 3, ondoka. Ilitangaza kujitoa Januari 2003, ikafanya jaribio la kwanza Oktoba 2006. Mimi ningeanza na mlango huo. Vinu na malighafi ambavyo nchi ilipata ikiwa mwanachama vibaki chini ya ukaguzi hata ikijitoa, na muuzaji awe na haki ya kuvidai. Hilo halihitaji kuigusa NPT. Huandikwa kwenye mkataba wa mauzo. Humo humo liwekwe sharti la Itifaki ya Ziada ya 1997, inayowafikisha wakaguzi hata kwenye maeneo yasiyotangazwa. Ilitungwa baada ya Iraq kugundulika, 1991, kuwa na mradi wa siri huku vituo vyake vilivyotangazwa vikikaguliwa kama kawaida.

Kikwazo ni wauzaji wenyewe. Mwaka 2008 waliilegezea India masharti ya mauzo, ingawa haijawahi kusaini NPT. Na kifungu cha 6, kinachowataka wenye silaha wajadiliane kwa nia njema kuzitokomeza, hakijawekewa tarehe wala mkaguzi.