Mistari ya Chini ya Mizania Inatuhusu

Kwenye ukuta wa tawi moja la benki hapa Mombasa, karibu na mashine ya kutolea namba za foleni, imetundikwa fremu ya kioo yenye hesabu za mwaka. Si pambo. Sheria ya benki nchini Kenya inataka kila tawi liziweke mahali zinapoonekana. Wiki jana namba yangu ilikuwa mbali mno, nikazisoma toka juu hadi chini: mikopo, amana, faida, mtaji. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa, palikuwa na mistari michache chini ya kichwa kinachosema haya ni mambo yaliyo nje ya mizania, yaani nje ya hesabu ya mali na madeni ya benki. LC, yaani barua za benki za kuahidi kumlipa muuzaji, na dhamana. Mikataba ya fedha za kigeni. Madeni mengine yanayoweza kuzuka. Ukiijumlisha unapata mabilioni ya shilingi.

Mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni aliniuliza nasoma nini. Nikamwonyesha. Akasema, "Hizo si zetu, mwanangu. Hizo za wenyewe."

Nimekuwa nikilifikiria jibu lake tangu siku ile, na sikubaliani naye hata kidogo.

Nimefanya kazi ya kliaring, yaani kutoa mizigo ya watu bandarini, miaka 11, na jambo la kwanza nililofunzwa ni kwamba bandari ya Kilindini huendeshwa kwa ahadi kabla haijaendeshwa kwa pesa. Mfanyabiashara wa hapa anaagiza mchele Karachi. Muuzaji wa kule hamjui, hajui duka lake, hajui baba yake. Anachotaka ni neno la benki. Basi benki ya mnunuzi inafungua LC, yaani inaandika kwamba ikiletewa hati fulani na fulani, zikiwa kama zilivyotajwa, italipa. Mkubwa wangu wa kwanza ofisini alinielezea hivi: "Kijana, hapo benki haijatoa hata senti. Imetoa neno. Na neno hilo ndilo lililopakia meli."

Benki hutazama karatasi, haitazami mchele. Hiyo ndiyo kanuni ya UCP 600, mwongozo wa LC unaotumika duniani tangu 2007. Nimewahi kukaa na faili mapajani, kwenye benchi la benki, kwa sababu jina la mpokeaji kwenye hati ya shehena lilikuwa limepungua herufi moja. Meli imeshafunga gati, kontena limeshashushwa, jua la Machi linawaka, na hakuna aliyeweza kuugusa mzigo hadi mnunuzi alipoandika barua kwamba anaikubali kasoro ile. Gharama za kontena kukaa bandarini zilihesabiwa siku zote hizo.

Dhamana nazo ni vivyo hivyo. Mkandarasi anayeomba kazi ya serikali huambiwa alete dhamana ya benki. Mzigo wa kwenda Uganda haupiti bila bondi ya forodha. Ukiuzwa njiani humuhumu nchini, aliyeweka dhamana atalipa ushuru. Ukiziondoa ahadi hizi, mji huu unalala njaa.

Sasa, Waswahili tunasema ahadi ni deni. Wahasibu wao wanasema ahadi si deni mpaka idaiwe, ndiyo maana huziweka nje ya mizania. Sababu yao naielewa. Dhamana nyingi humaliza muda wake bila mtu kuzidai, na ukizirundika zote ndani, benki itaonekana ina madeni ambayo haina. Lakini hata wao hawaamini kwamba ahadi hizi hazina uzito. Kanuni za Basel, za kimataifa za kupima mtaji wa benki, huhesabu LC ya kawaida ya biashara kwa asilimia 20 ya thamani yake, dhamana ya utekelezaji wa kandarasi kwa asilimia 50, na dhamana ya kulipa deni la mtu kwa asilimia 100, ndipo zipimwe dhidi ya mtaji, yaani fedha za wenye benki zinazobeba hasara. Tangu 2018 benki zinatakiwa kutenga fedha za hasara inayotarajiwa kutokana na ahadi hizo. Na mikataba ya kupanga majengo ya matawi, ambayo zamani nayo ilikaa nje, iliingizwa ndani ya mizania kuanzia 2019. Mstari wa mizania huchorwa na watu, na watu wanaweza kuusogeza.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ahadi hizi hupenda kudaiwa kwa pamoja. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 124. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imefika 160. Mtu aliyefungua LC ya kulipa baadaye, akaagiza bidhaa kwa hesabu ya bei ile ya kwanza, siku ya kulipa ilimkuta anatakiwa kutafuta shilingi nyingi zaidi kwa mzigo uleule. Akishindwa, muuzaji wa ng'ambo hahusiki na shida yake. Benki ilitoa neno, benki inalipa. Siku hiyo ule mstari mdogo wa chini unapanda juu na kuwa mkopo, tena mkopo wa mtu ambaye tayari ameshindwa. Wenye amana hatuambiwi ni mingapi iliyopanda. Na bima ya amana, tangu 2020, inamlinda mteja hadi shilingi 500,000 tu katika benki moja.

Liko jingine, nalo limenigusa nyumbani. Shangazi yangu anauza leso Biashara Street. Alikuwa na ovadrafti, yaani ruhusa ya kuchukua benki zaidi ya alichonacho, ya shilingi 800,000 na alikuwa ametumia 300,000. Zile 500,000 zilizobaki, kwa benki, zilikuwa ahadi ya kukopesha, zimo kwenye maelezo ya hesabu. Kwa shangazi zilikuwa leso za Idi. Alikuwa ameshaagiza India. Aprili 2020 Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na katika majuma hayohayo barua ikaja: kiwango chako kimeshushwa hadi pale ulipofikia. Akatoa mkataba kabatini, tukausoma pamoja mezani. Kurasa 14 za Kiingereza, na kwenye ukurasa wa 9 kifungu kinachoipa benki ruhusa ya kuondoa kiwango wakati wowote bila taarifa. Shangazi alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo mimi nilimuahidi mtu wa India kwa ahadi ambayo haikuwepo?"

Sikuwa na jibu. Basel ya kwanza, ya 1988, ilizihesabu ahadi za namna hiyo kuwa sufuri, kwa sababu hiyohiyo kwamba benki inaweza kuzifuta itakapo. Shangazi aliokolewa na chama cha kuchangiana kwa zamu: mwenzake aliyekuwa na zamu ya mwezi ule alimwachia.

Ninachotaka si kikubwa. Benki itenganishe, kwenye ile fremu, ahadi inazoweza kuzifuta na zile isizoweza. Iandike ni dhamana ngapi zilizodaiwa mwaka huo na kiasi gani kililipwa. Na iandike kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Sioni kwa nini kwenye ukuta wa benki ya Mombasa kiwe mgeni. Mkataba wa ovadrafti nao uwe hivyohivyo, na kile kifungu cha kuondoa kiwango kiwekwe ukurasa wa kwanza.

Namba yangu ilipoitwa nilimuuliza dada wa kaunta kuhusu ile mistari. Alinijibu kwa upole, "Kaka, hizo huwekwa kwa sababu ya sheria tu, hakuna anayeziuliza." Nikarudi juzi na swali langu limeandikwa, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Amelipokea, na nakala yangu ameipiga muhuri wenye tarehe.