Kabla hujasema nyani anafikiri, nionyeshe B na D

Kuna kichwa cha habari kisichochoka kuzunguka: "Wanasayansi wathibitisha nyani ana akili kama mtu." Chini yake, picha ya sokwe. Kiswahili kimetupa nyani, kima, tumbili, ngedere, mbega na sokwe, lakini mtafsiri huchukua jina moja akawapaka wote. Hilo nalisamehe. Nisilolisamehe ni kusoma hadi mwisho bila kuambiwa mnyama alionyeshwa nini, mara ngapi, na makosa yake yalikuwa ya namna gani. Hapo hujasoma kitu.

Kwamba nyani si mjinga, mwulize yeyote anayelinda mahindi. Swali la maabara ni jingine: je, anashika uhusiano kati ya vitu, au anakumbuka tu kipi kilimpa chakula?

Chukua jaribio la mfuatano, ambalo watafiti McGonigle na Chalmers walilifanya kwa saimiri, kima wadogo wa Amerika ya Kusini, wakalichapisha mwaka 1977. Siku hizi hufanywa kwa skrini ya kugusa. Unatafuta picha tano zisizo na mpangilio wa ukubwa wala rangi, tuziite A hadi E. Mnyama anaziona mbili mbili tu. A na B: akigusa A anakula. B na C: B ndiyo yenye chakula. C na D: ni C. D na E: ni D. Jozi zote nne zinachanganywa, na kila picha ikae kulia nusu ya raundi na kushoto nusu, la sivyo utakuwa umemfundisha upande badala ya picha.

Kosa la kwanza huingia hapa hapa, kupitia wastani. Utasikia "alifikia 80%, tukampa mtihani." Asilimia 80 ya nini? Jozi za mwishoni ni rahisi. Akipata 100 kwenye A na B, 100 kwenye D na E, halafu 60 na 60 kwenye zile za kati, wastani wake ni 80 kamili, na katikati ya mfuatano hajui lolote. Pima kila jozi peke yake.

Kisha mtihani: unampa jozi ambazo hajawahi kuziona pamoja, uone kama anajua ipi inatangulia kwenye mfuatano. Hapa ndipo watu wanapodanganyana. Kumpa A na E si mtihani. A haijawahi kumnyima, E haijawahi kumpa. Hata asiyejua mfuatano wowote ataigusa A. Ni vivyo hivyo kwa kila jozi mpya yenye A au E ndani. Ukiziondoa hizo inabaki jozi moja, B na D, kwa sababu kila moja ilishinda mahali pamoja na kushindwa mahali pamoja. Moja tu! Ripoti inayojisifu kwa "jozi mpya" bila kuitenga B na D imepima mchele na mawe humo humo. Ndiyo maana picha saba ni bora kuliko tano: A hadi G, jozi mpya za ndani zinakuwa sita.

Halafu zawadi. Ukimlisha anapogusa B tu, kuanzia raundi ya pili unafundisha, hupimi tena. Usipomlisha kabisa, anagundua kwamba jozi hii hailipi na anaanza kugusa ovyo. Mpe kwa jibu lolote, na raundi hizo uzipenyeze chache chache katikati ya zile za kawaida. Katika raundi 24, bahati tupu humfikisha mnyama kwenye 17 au zaidi mara 3 hivi katika 100. Akipata 16, nyamaza.

Mbishi atasema B ilikaa na A ikaambukizwa utamu wake, na D ikaambukizwa uchungu wa E. Ni hoja nzuri, nakiri kwa shingo upande. Lakini mwaka 2019 Greg Jensen na wenzake walichapisha jaribio lililoziba uchochoro huo: kiasi cha zawadi kilipangwa kipingane na mfuatano, hivyo anayefuata zawadi kubwa tu angepotea. Makaki, aina ya kima, walishika mfuatano vilevile.

Jaribio la "sawa na tofauti" lina uchochoro wake. Mnyama anaona jozi ya picha zinazofanana, kisha achague kati ya jozi nyingine inayofanana na jozi isiyofanana, bila picha hata moja kujirudia. Mwaka 2001 watafiti Fagot, Wasserman na Young waliripoti nyani wanaoliweza kwa makundi ya picha 16. Picha zilipopunguzwa, alama zikashuka. Si ajabu. Picha 16 za aina moja zimetulia, 16 tofauti ni vurugu, na vurugu huonekana bila kufikiri. Mwaka 2011 Fagot na Thompson wakaja na picha mbili mbili, kwa nyani wa Guinea huko Rousset, Ufaransa, ndugu wa karibu wa nyani wetu wa Manyara na Mikumi. Pale kila nyani ana chipu mkononi, anaingia kibandani apendapo, mashine inamtambua na kumdondoshea ngano. Hakuna mtu mbele yake wa kumpa jibu kwa macho.

Baada ya maelfu ya raundi, walioweza ni 6 kati ya 29.

Na wale 23? Tayari kuna watu wanaowatumia kama ushahidi kwamba nyani hawezi. Taratibu jamani. Harlow, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1949 aliwapa makaki matatizo 344 ya kuchagua kati ya vitu viwili. Raundi ya kwanza ya kila tatizo ni bahati tu; ya pili ndiyo inayoonyesha kama ameelewa. Mwanzoni raundi ya pili ilikuwa karibu na kubahatisha. Mwishoni ilikuwa karibu 97%. Angelifunga jaribio siku ya kwanza angeandika kwamba makaki ni mbumbumbu. Isitoshe, penye majibu mawili, mnyama anayegusa kulia tu anakula nusu ya raundi bila kuumiza kichwa, na kwa nini ahangaike? Kwa hiyo hesabu kwanza kulia na kushoto. Ukikuta anang'ang'ania upande mmoja, mngojeshe sekunde kadhaa baada ya kila kosa na umrudishie raundi ile ile mpaka ageuze mkono. Raundi za marudio usizihesabu kwenye alama zake.